Una kovu la operesheni na tarehe inakaribia: jinsi ya kuamua ujaribu kawaida au upasuliwe tena

Nikiwa wiki ya 33 ya mimba yangu ya pili nesi wa kliniki aliniuliza, mama, mara ya kwanza ulipasuliwa kwasababu gani? Nikamjibu waliniambia mtoto amechoka. Akauliza tena, ndani walikata vipi? Nikabaki naangalia tumbo langu kama vile jibu limeandikwa pale. Yaani operesheni kubwa kuliko zote nilizowahi kufanyiwa maishani na nilikuwa naijua kwa sentensi moja tu.

Ndio maana naandika hii. Najua mko wengi wiki ya 30 na kitu saa hizi, kovu mnalo, na nyumbani kila mtu ana lake, mama mkwe anasema jikaze safari hii uzae kama wenzio, shoga yako anasema usijitese we nenda kisu umalize, na wewe upo katikati usiku hulali. Mimi sio daktari, ni mama wa watoto wawili, wote wametoka kwa kisu, ila wa pili nilijaribu kawaida kwanza, ntawaelezea. Nilichojifunza ni kwamba uamuzi huu hauhusiani na ushujaa wala uoga. Unategemea vitu vitatu: ndani ulikatwa vipi, ulikatwa kwanini, na safari hii unazalia wapi. Hivyo vitatu uwe umevijua ukifika wiki ya 36, maana uchungu ukishaanza hakuna mtu anaweza kufikiria vizuri.

Anza na karatasi

Kovu la nje halikwambii kitu kuhusu kovu la ndani. Hili sikulijua kabisa. Unaweza kuwa na kovu la nje limesimama kutoka kitovuni kushuka chini lakini ndani mfuko wa uzazi ulikatwa kwa kulala, au la nje limelala vizuri chini kwenye mstari wa nguo ya ndani na huko ndani walikata kwa kusimama kwasababu mtoto alikuwa amelala vibaya au alikuwa njiti sana. Linalohesabika ni la ndani. Kata ya kulala sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi ndiyo inayofanyika mara nyingi na ndiyo inayoruhusu kufikiria kujaribu kawaida. Kata ya kusimama iliyopanda juu kwenye nyama nene ya mfuko ni habari nyingine kabisa, uwezekano wa kuchanika wakati wa uchungu unaenda kwenye 4 hadi 9 katika kila wanawake 100, na hapo dokta atakupangia operesheni hata kabla uchungu haujaanza. Usibishane naye. Hata kama ulishawahi kutolewa uvimbe kwenye kizazi sema, hilo nalo ni kovu, watu wengi hawalitaji kwasababu hawakuzaa siku ile.

Kwahiyo nenda hospitali uliyopasuliwa, au mtume ndugu aliye karibu aende dirisha la mafaili na barua yako na tarehe ya kuzaliwa mtoto. Ukikosa namba ya faili tafuta ile karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa, au kadi ya zamani ya kliniki, au kadi ya mtoto, mara nyingi kuna namba pale. Unachotafuta ni maelezo ya operesheni yenyewe, aina ya kata ya ndani, sababu, kama palichanika zaidi ya walipokata, kama uliongezewa damu. Na wewe mwenyewe kumbuka, baadae kidonda kilitoa usaha? Ulipata homa? Mwambie dokta. Mimi nilizungushwa wiki mbili, hospitali siitaji, faili likapatikana siku ya tatu ya kwenda, yaani nilikuwa karibu kukata tamaa. Faili likikosekana kabisa bado dokta anaweza kukadiria kutokana na maelezo yako, mimba ilikuwa imefika miezi, mtoto alitanguliza kichwa, uchungu ulikuwa umeanza, hapo uwezekano mkubwa ni kata ya kulala. Ila kama ulipasuliwa mimba ya miezi sita au mtoto alikuwa kakaa kwa upana, hiyo inabidi itafutwe mpaka ijulikane.

Kuna msemo mtausikia sana, ukipasuliwa mara moja ndio basi ni kisu mpaka mwisho. Huo msemo una historia. Aliuandika daktari mmoja wa New York anaitwa Edwin Cragin mwaka 1916, enzi ambazo karibu wote walikatwa kwa kusimama, na kwa kata zile alikuwa na haki ya kuogopa. Kata ya kulala chini ilikuja kuenea baadae. Lakini msemo umebaki mpaka leo mpaka kwa bibi zetu, ndio maana nawaambia tafuteni kwanza karatasi.

Ulipasuliwa kwanini

Sababu zingine zinapita na mimba ile ile. Mtoto alitanguliza makalio, sasa huyu katanguliza kichwa, ile sababu haipo tena. Kifafa cha mimba, mapigo ya mtoto kushuka, hizo zinaweza zisirudi, japo presha inabidi ufuatiliwe kila kliniki bila kukosa. Sababu nzito kidogo ni ile ya "njia ndogo" au uchungu uligoma, hata hao bado zaidi ya nusu yao wakijaribu wanafanikiwa, ila wanafanikiwa wachache kuliko yule wa makalio. Na hapa uliza vizuri maana neno njia ndogo linatumika ovyo, uliza ulifika sentimita ngapi? Aliyekwama sentimita 3 na aliyefika 10 akasukuma masaa mawili kichwa hakishuki hawako sawa hata kidogo.

Kinachokupa nguvu kuliko vyote ni kama umeshawahi kuzaa kawaida, iwe kabla ya kisu au baada. Wifi yangu mtoto wa kwanza kawaida, wa pili kisu kwasababu ya makalio, wa tatu akajaribu akazaa kawaida kwa masaa sita. Kinachopunguza ni mtoto mkubwa sana hasa akizidi kilo 4, uzito wa mama mkubwa, na mimba kufuatana haraka. Kutoka kuzaa mpaka kuzaa ikiwa chini ya mwaka mmoja na nusu hivi kovu lina hatari zaidi ya kuachia. Wewe uliyebeba mtoto akiwa na miezi minne najua umeshasemwa sana na sikusemi, ila dokta mwambie tarehe kamili usikadirie.

Na utrasaundi ya kuanzia wiki ya 32 usiikwepe hata kama hela imekaza. Muulize anayepima kondo la nyuma limekaa wapi. Likiwa limeziba mlango wa kizazi hakuna cha kujaribu, ni operesheni, na likiwa limekaa juu ya kovu la zamani ni operesheni ya hospitali kubwa yenye damu ya kutosha, sio ya kituo cha karibu.

Sasa hesabu

Wanawake 100 wenye kisu kimoja, kata ya kulala, wakijaribu kawaida, kama 72 mpaka 75 wanazaa kawaida. Aliyewahi kuzaa kawaida inapanda mpaka 85 au 90. Waliobaki wanaishia thieta. Kovu kuchanika ni kama mmoja katika 200. Unaweza kuona ni ndogo, na kweli ni ndogo, lakini ujue hiyo moja ikoje, mtoto ana dakika chache tu, na mama anaweza kupoteza damu nyingi mpaka kizazi kitolewe. Siandiki nikutishe, naandika kwasababu mimi nilikuja kuambiwa hili nikiwa leba.

Alafu kuna kitu kimejificha kwenye hizo namba. Zimetoka kwenye hospitali ambazo mama anaangaliwa muda wote na thieta iko hatua chache. Hiyo moja katika 200 ni kuchanika, ila mtoto kuishi baada ya kuchanika inategemea umbali wa thieta. Kwahiyo namba zile ni zako tu kama unazalia mahali panapofanana na pale. Hapa ndio watu wengi wanakosea, anasoma kwenye simu asilimia 75 alafu anaenda zahanati kwasababu nesi wa pale ni mpole. Nesi awe mpole kama malaika, zahanati haina thieta. Mwenye kovu hazalii zahanati, na nyumbani kwa mkunga ndio kabisa.

Kaulize kabla, kwa miguu yako

Nilienda wiki ya 35 na mume wangu, mchana, sio siku ya kliniki, nikaomba kuongea na mkuu wa wodi ya wazazi. Nilikuwa naona aibu ila alinijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Haya ndio nilimuuliza na wewe uliza:

- Thieta inafanya kazi usiku na jumapili? Dokta wa kupasua na mtu wa usingizi wanalala hapa hapa au wanaitwa kwa simu kutoka nyumbani, na kutoka kuitwa mpaka kisu ni dakika ngapi?
- Damu ya kundi langu ipo? Nilete ndugu wachangie mapema?
- Umeme ukikatika jenereta inawaka?
- Mapigo ya mtoto mnasikiliza kila baada ya muda gani, na usiku nesi mmoja ana wajawazito wangapi?

Hilo la mwisho liulize hata kama mengine utasahau. Mwenye kovu inafaa mtoto afuatiliwe na mashine muda wote akiwa kwenye uchungu, wodi zetu nyingi wanasikiliza kwa kifaa cha mkono kila baada ya muda, sawa, lakini nesi mmoja kwa wamama kumi na mbili usiku wa manane hawezi kukusikiliza kila robo saa hata awe na moyo gani. Wakikujibu dokta anatoka mbali na damu mpaka ifuatwe, basi pale sio pa kujaribu. Hapo una njia mbili, hamia hospitali kubwa, au panga operesheni, na zote ni maamuzi ya mtu mwenye akili. Ukiishi mbali, nenda ukae kwa ndugu karibu na hospitali kuanzia wiki ya 37 au 38, kuna hospitali zina nyumba ya wajawazito ya kusubiria, ulizia. Foleni ya magari jioni na bodaboda usiku una uchungu na kovu, hapana jamani.

Ukiwa na visu viwili au zaidi hospitali nyingi zitakupangia operesheni moja kwa moja. Uliza mapema usije ukajiandaa kwa kingine.

Upande wa kisu nao

Nasikia watu wanaongelea operesheni ya kupangwa kama kukimbia. Sio hivyo. Unaijua siku, damu inaandaliwa, mama yako anasafiri kuja kukaa na mkubwa, na hatari ya kovu kuchanika karibu inaisha. Dada yangu mdogo alichagua hii, mtoto wake wa kwanza alikuwa na miezi 15 tu alipotakiwa kuzaa wa pili, akalala usingizi wake vizuri kabisa na mimi nilimuunga mkono asilimia mia.

Ila zingatia mambo mawili. Tarehe iwe wiki ya 39 kama hakuna dharura. Kabla ya hapo mapafu ya mtoto yanasumbua, anazaliwa anahema haraka haraka anapelekwa chumba cha watoto, wewe uko kitandani umeshonwa humuoni. Ukiambiwa njoo wiki ya 37 uliza kuna sababu gani ya kiafya, na kama sababu ni kwamba ratiba ina nafasi, omba isogezwe. Na hapa tarehe ya mimba lazima iwe sahihi, kama ulipiga utrasaundi ya mwanzoni ibebe, hiyo ndio ya kuaminika kuliko ya miezi ya mwisho.

La pili ni hili ambalo hakuna aliyeniambia, unataka watoto wangapi? Kila kisu kinaongeza makovu ndani, utumbo na kibofu vinashikana, operesheni inayofuata inakuwa ngumu zaidi. Na kondo la nyuma linaweza kuja kuota ndani ya kovu likagoma kutoka. Kwa mwanamke ambaye kondo limeziba njia, uwezekano wa kuwa limeota ndani ya nyama ni kama 3 katika 100 akiwa anapasuliwa mara ya kwanza, inakuwa 11 mara ya pili, na mara ya tatu inafika 40. Angalia inavyopanda. Kwahiyo anayetaka wawili akafunga, kisu cha pili hakimbani sana. Anayetaka wanne au watano, au mume anayetaka, kuzaa kawaida safari hii kuna maana kubwa kwa mimba zijazo. Kaeni muongee na mzee baba mapema. Na kama mmeamua kufunga kizazi wakati wa operesheni amueni mkiwa nyumbani mmetulia, usikubali kuulizwa ukiwa umelala pale na ganzi ya mgongo.

Andikeni mpango, na uwe na matawi

Hapa ndio nasisitiza kwa moyo wote. Kuchagua "kawaida" au "kisu" ni nusu ya kazi. Muombe dokta aandike kwenye kadi yako ya kliniki majibu ya haya maswali: uchungu ukianza wenyewe kabla ya tarehe ya operesheni tufanyeje? Nikifika wiki ya 41 kimya? Nikiwa leba njia ikaacha kufunguka, tunasubiri masaa mangapi ndio tuseme basi?

Hiyo ya wiki ya 41 ina mtego. Kuanzishiwa uchungu ukiwa na kovu kunaongeza hatari ya kuchanika mara mbili mpaka tatu ukilinganisha na uchungu uliokuja wenyewe. Vile vidonge vya misoprostol vya kuanzishia uchungu mwenye kovu miezi hii ya mwisho hapewi, kwahiyo akija mtu na kidonge sema kwa sauti, nina kovu. Dripu ya uchungu inaweza kutumika lakini kwa uangalifu sana na dokta akiwa anajua, na kuna njia ya mpira unaojazwa maji ambayo haichochei kovu kama vidonge. Wengine wanaona bora tu operesheni, sio mbaya.

Na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, mama zangu nawaomba sana. Najua zinatolewa kwa upendo, mimi nililetewa chupa na mtu ninayempenda na ninayemheshimu. Baadhi ya hizo dawa zinakaza mfuko wa uzazi kwa nguvu isiyopimika, na kovu haliwezi kusema punguza. Nilimpokea nikamshukuru nikaiweka kabatini, na mume wangu ndiye aliyeongea na mama yake, maana mkwe ukimkatalia mwenyewe inakuwa kesi. Kwa kweli mume ana kazi hapo.

Siku yenyewe

Usisubirie uchungu nyumbani mpaka ukolee kama wengine. Ukianza kuja kwa mpangilio, au chupa ikipasuka, nenda. Kila anayekushika mwambie una kovu, hata kama ameshasoma kadi, zamu zikibadilika sema tena. Ukiona maumivu hayaachii kati ya uchungu na uchungu, au kovu linauma hata ukiguswa, au damu inatoka, au uchungu uliokuwa mkali umekata ghafla, au bega linauma, kizunguzungu, mkojo una damu, ita mtu kwa nguvu, usione haya kupiga kelele. Wakikwambia vumilia mwambie uliyekuja naye amfuate dokta.

Mimi uchungu ulikuja wiki ya 39 na siku nne. Nilifika sentimita 6 saa tano usiku, saa nane nipo 6, saa tisa na nusu nipo 6 kichwa hakishuki. Kwenye kadi dokta alikuwa ameandika masaa manne bila mabadiliko tunapasua, na alipokuja akasoma mwandiko wake mwenyewe akaniangalia, nikamwambia twende. Mtoto wa kiume, kilo 3.6, alilia kabla hajamalizika kutolewa. Ukijaribu ukaishia kisu kupona kunaweza kuwa kugumu kuliko kisu cha kupangwa, maambukizi yanatokea zaidi, mimi kidonda kilinisumbua wiki tatu na hilo nalo liweke kwenye hesabu zako. Nililia kidogo wodini, sio kwamba nilishindwa, nilikuwa nimechoka tu, na wifi yangu alikaa na mimi hakusema neno la jikaze hata moja. Mkienda kumuona mzazi wa kisu kaeni hivyo hivyo.

Na siku ya kuruhusiwa, kabla hujavaa viatu, iwe umezaa kawaida au vipi, ombeni karatasi. Kama ni kisu aandike kata ya ndani ilikuwa ya kulala au kusimama, sababu, kama kovu la kwanza lilikutwa limekuwa jembamba au lilishikana na nini, na anashauri nini mimba ijayo. Isome palepale, mwandiko usipoeleweka mrudishie akusomee, piga picha, mtumie mumeo na dada yako. Yangu ya safari hii iko kwenye simu tatu.